Nilivyojifunza Kuitambua Kejeli katika Machapisho Mafupi

Kwa miezi kadhaa nilifanya kazi nikiwa nyumbani Kirumba, jijini Mwanza, ya kusoma machapisho mafupi ya Kiswahili kutoka mitandao ya kijamii na kuyapanga katika makundi matatu: yanayosifu, yanayolalamika na yasiyoegemea upande wowote. Machapisho hayo yalikusudiwa kuifundisha programu ya kompyuta kutambua hisia za mwandishi. Niliamini kwamba mtu aliyekulia katika Kiswahili hawezi kukwama kwenye sentensi ya maneno kumi, lakini katika wiki ya pili fungu langu lilirudishwa kwa sababu mimi na mwenzangu aliyekuwa Dodoma tulitofautiana mno, na karibu kila tulipotofautiana palikuwa na neno la shukrani au pongezi.

Hata hivyo, chapisho lililonifungua macho halikuwa miongoni mwa hayo. Lilisema: “Mvua ya leo imekuja wakati wake kabisa. Tunashukuru.” Sote wawili tuliliweka kwenye sifa, na sote tulikosea.

Jioni hiyo nilimsomea shangazi yangu, ambaye ameuza dagaa katika soko la Mwaloni kwa miaka mingi. Alikuwa amekaa mkekani akipepeta dagaa wa chakula cha usiku, akasimamisha ungo.

“Ameandika saa ngapi huyo?”

“Saa nane mchana, shangazi.”

“Na picha aliyoweka ni ya wapi?”

Nilikuza picha, ambayo hadi wakati huo sikuwa nimeijali. Pembeni palionekana chanja ya wavu iliyotandazwa dagaa, na turubai lililofunika nusu yake tu.

“Mwanangu, huyo hashukuru, huyo analia. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka huharibika, na mwenye nao huishia kuwauza wakawe chakula cha kuku.”

Nililifikiria jambo hilo usiku kucha, kwa maana maneno yale yale yangeandikwa na mkulima wa mpunga wa Magu au Misungwi yangekuwa shukrani ya kweli. Hakuna neno hata moja ndani ya sentensi ile lililobeba kejeli. Kejeli ilikuwa kwenye chanja.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2013 watafiti wa Marekani, akiwamo Ellen Riloff wa Chuo Kikuu cha Utah, walieleza kuwa kejeli nyingi katika machapisho mafupi huundwa kwa kuunganisha neno la sifa na hali isiyopendeza, kama mtu anayesema anapenda sana kupuuzwa. Maelezo hayo yalinisaidia, kwani nilianza kulitafuta tukio kwanza na kuiacha sifa kando. Lakini ni lazima mtu ajue hali ipi haipendezi, na kwa nani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Mtu wa ufukweni akiandika “mwezi wa leo unapendeza kweli”, msomaji wa mbali huona ushairi mahali ambapo mwandishi anahesabu siku za kukosa kipato.

Yapo pia machapisho yanayojifichua yenyewe, na hayo sikuhangaika nayo sana. Neno “eti” likitangulia sifa, au dua nzito ikifuata kitu kidogo, kwa kawaida pana kijembe. “Maji yametoka dakika ishirini wiki nzima, hongereni, Mungu awazidishie.” Hapo zile dakika ishirini zinatosha. Emoji niliacha kuzitegemea, kwa kuwa ile ya kucheka hadi machozi watu huiweka hata kwenye habari ya msiba.

Kilichonisumbua zaidi ni sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kulisoma chapisho kwa sauti na kuamini lafudhi niliyoisikia, ilhali lafudhi hiyo ilikuwa yangu, si ya mwandishi. Utafiti wa Justin Kruger na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba waliotuma ujumbe wa barua pepe walitarajia wapokeaji watambue kejeli au ukweli wao kwa takriban asilimia 78, lakini wapokeaji walitambua kwa asilimia 56 tu, ambayo haipishani sana na kubahatisha kati ya majibu mawili. Tangu hapo nilisoma kila chapisho mara mbili, mara ya kwanza kama shukrani na mara ya pili kama kijembe, na niliamua pale tu ambapo usomaji mmoja ulikataa kukaa sawa na tukio lenyewe. Yaliyokubali kusomwa kwa namna zote mbili niliyatenga badala ya kuyalazimisha.

Nilimwandikia msimamizi wetu nikiomba kila chapisho lije na saa, picha na chapisho lililotangulia, na pia liwepo kundi la nne kwa yale yasiyoamulika. Aliyakubali yote. Kisha nilihamisha lile la mvua na kulipeleka kwenye malalamiko, nikamtumia mwenzangu wa Dodoma picha niliyoizungushia duara jekundu kwenye chanja. Alijibu kwamba kwao mvua husubiriwa kwa hamu kiasi kwamba hakuwahi kufikiri kuna mtu inayemtia hasara, akauliza kama mwenye dagaa wale aliwahi kuokoa hata nusu iliyofunikwa.