Jani la Sale Mlangoni

Somo la juma: Matendo ya Mitume 10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita jumuiya yetu hapa Old Moshi ilichelewa kumaliza. Kijana mmoja wa kipaimara aliuliza swali lililotufanya wazee tuangaliane: "Mtu asiyekuja kanisani, wala hasemi lolote juu ya Mungu, lakini anaishi vizuri kuliko sisi tunaoamini, je, nani aliye bora mbele za Mungu?" Mwinjilisti alimjibu kwa Waefeso 2, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Jibu hilo ni la kweli nami ninalishika. Ila nilirudi nyumbani sina amani, kwa sababu nilijua kijana anamsema nani, tena nilijua jambo ambalo yeye halijui.

Anamsema jirani yangu, mzee tunayemwita Meku tu. Kanisani humwoni ila siku amebeba jeneza. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kufika na sururu kuchimba kaburi. Siku ya kusafisha mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, sisi wengine tunatoa matope kwenye kipande chetu tunaondoka; yeye anashuka mpaka kwa mjane wa chini asiye na mtu wa kumsaidia. Na zamu yake ya maji ikiisha anaziba, hata kama migomba ya mwisho haijalowa. Anayeujua mlima wetu wakati wa kiangazi, maji yakiwa membamba kama kamba, anajua hilo si jambo dogo.

Miaka minne iliyopita mimi na Meku tuligombana kwa ajili ya mpaka. Mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kwetu ni mstari wa masale, mimea yenye majani marefu. Sale moja lilikauka, nami nilipopanda jingine nililisogeza upande wake, hatua moja. Nilijiambia ardhi ile tangu zamani ni ya baba mkwe. Meku aliniuliza kwa upole, nikampandishia sauti. Tukaacha kusalimiana zaidi ya mwaka, na mwaka huo wote, wapendwa, nilishiriki Chakula cha Bwana. Kila Jumapili nilisimama nikakiri, "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi," hali nimemega nchi hiyo hiyo ya jirani.

Asubuhi moja nafungua mlango, Meku amesimama na jani la sale mkononi. Mchagga hahitaji kuelezwa: anayekuletea sale anaomba msamaha, nawe hukatai, hata uwe umeumizwa namna gani. Lakini mkosaji nilikuwa mimi! Akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikosea kuacha kukusalimu." Mpaka hakuutaja kabisa.

Nilizoea kusoma Mathayo 5 mbele za watu, pale Bwana anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Nililisoma mimi, akalitenda yeye. Na Yakobo ananiuma zaidi: "Wewe waamini ya kuwa Mungu ni mmoja, watenda vema. Mashetani nao waamini na kutetemeka." Mimi hata kutetemeka nilikuwa sijatetemeka mpaka siku ile.

Je, basi tuseme kuamini si kitu, mradi mtu anaishi vizuri? Hapana, siwezi. Tazameni Kornelio, akida wa Kirumi pale Kaisaria. Alikuwa mcha Mungu, mtoa sadaka, na malaika akamwambia sala zake na sadaka zake zimefika juu na kuwa ukumbusho mbele za Mungu. Mungu hakuudharau wema wake. Hata hivyo alimwambia atume watu Yafa wamwite Petro, kwa sababu lilibaki neno ambalo wema haukuweza kujiambia wenyewe: kwamba kila amwaminiye Yesu hupata ondoleo la dhambi. Mara nyingi tunahubiri sura hii kana kwamba aliyegeuka ni Kornelio peke yake. Mimi naona Petro aligeuzwa kwa shida zaidi. Lile shuka lenye wanyama, aliloonyeshwa katika maono, lilishushwa mara tatu kabla hajakubali kutomwita mtu yeyote najisi.

Na lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Mtu katili tunasema hana imani. Mwenye shida anasema, "Nionee imani." Neno lile lile tunalolitumia kwa kumwamini Mungu ndilo tunalolitumia kwa huruma. Martin Luther, mwaka 1522, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, na hapo sikubaliani naye ingawa mimi ni Mlutheri. Lakini mwaka huo huo, katika utangulizi wake wa Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu kilicho hai; haiulizi kama kuna tendo jema la kufanya, maana kabla haijaulizwa imeshalitenda. Walutheri na Wakatoliki waliotiliana saini kule Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999 walikiri jambo hilo kwa pamoja: tunakubaliwa kwa neema, na neema hiyo inatutuma kwenye matendo mema. Humu Moshi, ambamo nyumba moja ina Mlutheri na Mkatoliki, hilo si habari ya Ulaya tu.

Kama kipimo kingekuwa maisha mema pekee, mimi nisingekuwa na pa kusimama. Nilipong'oa sale lile na kulirudisha mahali pake, nilikuwa naomba rehema, sina wema wa kuonyesha. Na mkono ulioniletea rehema ile mlangoni ulikuwa wa mtu tuliyekuwa tunamhesabu kuwa nje. Sijui kuuita wema ule kitu kingine ila kazi ya Mungu.

Jumatano hii jumuiya iko kwangu. Nitamweleza kijana yule habari ya mpaka, mbele ya wote. Meku nimemwalika. Amesema atakuja akimaliza zamu yake ya maji, nasi tutamsubiri ndipo tufungue Matendo 10.