Kumsaka sange Amani

Basi la kutoka Kange lilikuwa limeshapita Pongwe, mkonge kushoto na kulia, kijana niliyekaa naye aliponiuliza nafuata nini kwenye msitu wa hifadhi wa Amani. Nikamwambia nakwenda kumtafuta sange. Akacheka. "Yaani kaka, nauli yote hiyo kwa ajili ya panya?"

Simlaumu. Ukimwona kwa haraka utasema ni panya buku mwenye pua ndefu, na wataalamu wenyewe walimhesabu zamani pamoja na virukanjia. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliowaumbua. Mwaka 1998 ukoo wake ulipewa jina la Afrotheria, na humo sange yumo na tembo, pimbi, muhanga na nguva. Nilimweleza hayo hadi tukashuka Muheza. Sidhani kama aliniamini.

Mimi hamu yangu ilianzia mbali, kwenye kusoma habari za sange wa jangwa la Namib. Mdogo wao kuliko wote alitangazwa mwaka 2014 huko kaskazini magharibi mwa Namibia, akaitwa kisayansi Macroscelides micus. Uzito wake ni kama gramu 30 tu, na manyoya yake yana wekundu wa kutu sawa na mawe ya volkano anamoishi. Mahali peupe namna ile huwezi kuponea kichakani, kwa hiyo sange ameweka tumaini lote miguuni. Hata watoto huzaliwa na manyoya na macho wazi, na hawachukui muda kuanza kukimbia. Binamu yao wa nchi kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania hutengeneza vijia vyake na kuvifagia kwa miguu ya mbele, kwa sababu kijiti kimoja tu njiani kinaweza kumponza mwewe akitokea. Anayefagia zaidi ni dume. Wake zetu wasisikie.

Sasa nikajiuliza: huyu wetu wa msituni, mwenye majani tele na kivuli, anaishije?

Kutoka Muheza nilipanda bodaboda hadi Sigi, vumbi tupu, kisha miti ikatufunika. Nikalipa kiingilio, nikakabidhiwa mwongozaji wa makamo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Zima simu, huyo ana masikio."

Tulitembea taratibu, mbega wakitukoromea juu, hondohondo akipita kwa kishindo cha mabawa. Mzee hakushughulika nao. Macho yake yalikuwa chini. Akaniita, akaonyesha vitundu vyembamba kwenye udongo laini, mdomo mpana na chini vimechongoka, majani yamesukumwa pembeni. "Pua yake hiyo. Amepita leo." Sange huchokonoa hapo akitafuta siafu, mchwa na wadudu wengine, kisha anawalamba kwa ulimi mrefu.

Tukakaa juu ya gogo. Mbu walifaidi. Halafu majani yakachakarika, akatokea: kichwa na mabega ya rangi ya machungwa, kiuno na mapaja meusi ti, miguu mirefu myembamba inayomwinua mgongo kama paa mdogo. Pua haikutulia hata kidogo, ilipinda huku na huku, ikaingia chini ya jani, ikatoka. Mzee akakohoa. Sange akapiga mkia kwenye majani makavu, pa! pa!, akatimka kwa kuruka.

Niliuliza kama tumsubiri mwenzake, kwani nilijua hukaa wawili wawili. Mzee akatikisa kichwa. Dume na jike hulinda eneo moja, lakini kila mmoja hutafuta riziki kivyake na hulala kivyake. Akanionyesha kiota, nikaona rundo la majani tu. Chini yake kuna shimo dogo lililotandikwa majani, na humo jike hulea mtoto mmoja. Adui hataona kitu. Shida ni mbwa wa wawindaji, ambao hawahitaji kuona.

Tulipokuwa tukirudi nikamsimulia mzee habari za yule sange mdogo wa Namib.

"Huko analala wapi?"

"Chini ya vichaka na mawe."

"Majani ya kujifunika?"

"Hakuna."

Mzee akaguna. "Basi ndiyo maana amekonda hivyo."