Nitoe kwa Bruce Lee unifikishe kwa Idi Amin

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwangu Mbagala, watu sita, umeme ukakatika muvi ikiwa katikati na hakuna hata mmoja aliyeinuka kuondoka, maana kwetu umeme ukikatika ndo shindano linaanza. Sheria ni zile zile miaka yote, simu zote zinaingia kwenye sufuria, mfuniko juu, na sufuria anakaa nayo mama. Unauliza swali, mwenzako akishindwa unachukua maksi, na ukiuliza kitu ambacho mwenyewe huwezi kukielezea vizuri unakatwa mbili.

Mimi maswali ya miaka na tuzo siyapendi, nasema wazi. Muvi fulani ilitoka lini, ilibeba Oscar ngapi, hayo mtu anakariri tu, anaweza kuyajua yote na hajawahi kukaa na muvi moja mpaka mwisho. Swali tamu ni lile ambalo jibu lake lilipita mbele ya macho yako, uliliona au hukuliona.

Mfano swali langu la kufungulia, kwenye First Blood, ile Rambo ya kwanza kabisa ya 1982, Rambo kaua watu wangapi? Watu wakaanza, ishirini, hamsini, mmoja akasema mia na kitu. Ni mmoja tu jamani. Yule polisi aliyekuwa anamlenga kutoka kwenye helikopta, Rambo akarusha jiwe likapiga kioo, helikopta ikayumba, jamaa akaanguka, basi, hata yule sherifu aliyemsumbua mwanzo mwisho anatoka hai. Sisi tumemchanganya na Rambo wa muvi zilizofuata, na ubishi wa hilo swali peke yake ulikula nusu saa.

Niwaambie kwanini sura nazishika kuliko majina. Nimekulia kwenye kibanda umiza, mabati juu, mabenchi, tivii moja na deki, joto la kufa mtu, na mkanda ukifika pale adui mkubwa anapokufa mwenye kibanda anauchomoa hapo hapo kwa sababu watu wa shoo inayofuata wameshajaa mlangoni. Yale majina yanayopanda mwishoni hatukuwahi kuyaona. Kwa hiyo tulijua watu kwa kifua, kwa ndevu, kwa namna mtu anavyorusha teke, na majina tukawapa wenyewe, au tulichukua yale aliyowapa Lufufu kwenye mikanda aliyotafsiri. Mpaka leo nikiona mtu anapita nyuma ya stelingi sekunde mbili nauliza huyu nimemwona wapi, na silali mpaka nimjue.

Sasa binamu yangu, binti wa shangazi, ana miaka kumi na tisa, kibanda hakukijua kabisa. Zamu yake ikafika akasema, nitoe kwa Bruce Lee unifikishe kwa Idi Amin, unapita kwa watu waliocheza muvi pamoja, hatua mbili, muvi moja tu katikati.

Kimya. Anko akasema hilo haliwezekani, Bruce Lee alifariki Julai 1973 hata muvi yake Enter the Dragon haijatoka, Amin ndo kwanza ana miaka miwili madarakani, watakutania wapi. Mwingine akaenda kwa Jackie Chan, ambaye kweli yumo kwenye Enter the Dragon, ni mmoja wa wale vijana wanaomvamia Bruce Lee kule chini akavunjwa shingo, ukipiga chafya humuoni. Lakini kwa Jackie Chan njia ya kwenda Uganda haikuonekana.

Mi nikafumba macho nikarudi kwenye benchi. Nani mwingine alikuwa kwenye kile kisiwa cha Han, yule adui mkubwa wa Enter the Dragon? Kikaja kifua. Kile kifua kikubwa cha Bolo Yeung! Na kifua hicho hicho miaka kumi na tano baadaye, 1988, ndo Chong Li wa Bloodsport, yule anayemmwagia Van Damme unga machoni. Nikajua muvi ya katikati ni Bloodsport, ila Amin yuko wapi mule? Nikawapitia wapiganaji wote mmoja mmoja, hamna. Kumbe natafuta ulingoni wakati mtu mwenyewe hapigani! Kuna wale maafisa wawili wanaomkimbiza Van Damme Hong Kong nzima wamrudishe jeshini, mmoja mzee, mwingine kijana mweusi. Yule kijana ni Forest Whitaker. Ndo huyo huyo aliyekuja kuwa Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, muvi ya 2006 iliyopigwa Uganda kwenyewe, akajifunza Kiswahili kwa ajili yake, na mwaka uliofuata akachukua Oscar.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Bloodsport nimeiona si chini ya mara thelathini, nimemtazama Whitaker usoni mara zote hizo na sikuwahi kuunganisha, mtoto wa juzi ndo kaja kunifungua macho. Maksi nilichukua mimi ila shindano kwangu alishinda yeye.

Na kwa kuwa tuko Bloodsport nikarudisha na langu, kuna mpiganaji mule ndani anaitwa Paredes, mwaka mmoja baadaye alikuwa nani? Anko akadaka, Tong Po wa Kickboxer! Haya, na Tong Po ni mtu wa wapi? Wote, Thailand. Hapana, ni Michel Qissi, mzaliwa wa Morocco, amekua Brussels na Van Damme ni rafiki yake wa toka utotoni. Yule mtu aliyekuwa anatutisha akipiga nguzo mateke ni Mwafrika mwenzetu. Nilivyolijua hili mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu sana.

Mshkaji wetu wa Nyeri naye akauliza la kwake, Return of the Jedi, ile Star Wars ya 1983, yule kiumbe Nien Nunb anayerusha ndege na Lando anaongea lugha gani, akajibu mwenyewe kwa furaha, Kikikuyu, sauti ni ya Mkenya Kipsang Rotich aliyekuwa anasoma Marekani. Tukampa maksi yake.

Umeme ukarudi kama saa nne hivi, watu wakaanza kuulizia simu. Mama hakutoa sufuria. Akasema na mimi nina moja. Kwenye Sholay, ile muvi ya Kihindi, ile sarafu ya Jai ilikuwa na nini?

Mimi Sholay ya 1975 naijua kwa yule jambazi Gabbar tu. Anko hajui, binamu hajui. Mama akasema ile sarafu pande zote mbili zilikuwa kichwa. Kila walipobishana na rafiki yake Veeru, Jai anairusha na kila siku inaangukia upande wake, kumbe mara ya mwisho aliirusha ili Veeru aondoke salama yeye abaki afe darajani, na Veeru anakuja kuigeuza mkononi mwenzie ameshakata roho. Tukamwambia mama lakini stelingi hafi. Akasema Amitabh, huyo Jai mwenyewe, alikufa, niliona mwenyewe, ukumbi mzima wa sinema ulilia, na baba yenu alinipa leso yake.

Hilo la leso hatukuwahi kulisikia.