Saa moja jioni, mbu na Dota 2

Kila jioni saa moja ikikaribia, Dota 2, mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni, ilikuwa inanitupa nje. Maandishi yanatokea katikati ya kioo kwamba muunganisho na seva umepotea, mchezo unajaribu kurudi, unarudi, unanitupa tena. Anayeujua mchezo huu anajua aibu yake. Ni watano dhidi ya watano, na wale wanne wa upande wako hawawezi kujua kwamba uko Migosi, Kisumu, unahangaika na ruta. Wanachoona ni shujaa wako amesimama tu huku anakatwa. Watausimamisha mchezo kidogo kwa hisani yao, lakini ukikaa nje zaidi ya dakika tano unahesabiwa umewatoroka. Ukirudia, unapelekwa kucheza kwenye foleni ya watoro. Nimekaa huko. Watu niliowakuta na lugha yao sitaiandika hapa, mama husoma haya.

Ukisema una shida ya mtandao, kila mtu ana mshtakiwa wake tayari. Binamu yangu wa Nakuru, ambaye ndiye tunacheza naye, alisema ni seva, nilale. Jirani alisema ni kampuni ya intaneti, kwa sababu kwake kila kitu ni kampuni, hata maji yakikatika. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kompyuta mjini alikuwa na jibu la kisomi zaidi: jioni watu wote wamerudi nyumbani, wanatazama video, laini imejaa, vumilia. Hilo lilinikaa kichwani kwa muda mrefu kwa sababu saa zililingana kabisa. Saa moja ndiyo hiyo watu wanafika.

La seva lilikuwa rahisi kuliondoa. Valve, wenye mchezo, huwa na matengenezo yao Jumanne, na kwa saa zetu hiyo ni usiku wa manane kuamkia Jumatano. Saa moja jioni hakuna. Tena binamu alikuwa kwenye mechi ileile, seva ileile ya Johannesburg, na yeye hatoki. Seva haiwezi kufa Kisumu ikaishi Nakuru.

Umbali nao hauna kosa, ingawa wengi hupenda kuusingizia. Mwanga ndani ya waya wa fiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka hapa hadi Johannesburg ni kama kilomita 3,000 ukinyoosha mstari kwenye ramani. Kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata kama Mungu mwenyewe ndiye amelaza waya. Na hakuna aliyeunyoosha mstari huo: data zetu nyingi hushuka kwanza Nairobi, kisha Mombasa, ndipo ziingie baharini. Kwa hiyo nikiona jibu la seva linachukua milisekunde 80 au 90 sinung'uniki. Kaka yangu mkubwa anakumbuka saiba za Oginga Odinga Street kabla ya 2009, mwaka ambao SEACOM na TEAMS, nyaya za intaneti za chini ya bahari, zilifika Mombasa. Wakati huo intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na kupanda na kushuka huko, kwenda na kurudi, kulikula karibu nusu sekunde kabla hata ya kompyuta kufikiria chochote. Yeye akinisikia nalalamikia milisekunde 90 ananiangalia tu.

Na bahari ikikatika kweli, huhitaji kupima. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na waya mwingine wa baharini, EASSy, zilipoharibika upande wa Afrika Kusini, kila mtu alilalamika, mpaka watu ambao sikujua wana intaneti.

Basi nikaanza karibu, hapa hapa mezani. Nilizima Wi-Fi, nikachomeka waya kutoka kwa kompyuta hadi kwa ruta, ili kuta na Wi-Fi za majirani zitoke kwenye kesi. Nikafungua madirisha mawili meusi ya amri. La kwanza linapigia ping, yaani linabisha hodi na kupima jibu linachukua muda gani, ruta yenyewe, 192.168.1.1. La pili linapigia 8.8.8.8, ya Google, kwa sababu ile haichoki kujibu. Nikayaacha yakimbie kuanzia saa kumi na moja huku nachemsha chai.

Dirisha la kwanza halikutetereka usiku mzima: milisekunde moja, moja, moja. Kwa hiyo kompyuta, waya wa mezani na ruta vilikuwa vizima. La pili lilikwenda vizuri hadi karibu saa moja, kisha likaanza kutoa mistari ya muda umekwisha, mmoja, halafu mitatu kwa mfululizo, halafu inajibu tena.

Ila nilichokiona hapo, na ambacho nadhani watu wengi hukiruka, ni zile ping zilizofika. Zilikuwa zinafika kwa muda uleule wa mchana. Laini iliyojaa haifanyi hivyo. Laini ikijaa, data zinapanga foleni, na foleni inaonekana: kutoka 20 inapanda 60, 150, 300, ndipo nyingine zianze kumwagwa. Yangu ilikuwa inapoteza bila kuchelewesha. Hapo nikamtoa rafiki yangu wa mjini na video zake za jioni kwenye orodha ya washukiwa, na nikaanza kutazama kiboksi cheupe cha fiba kilicho ukutani.

Kile kiboksi kina ukurasa wake, ukijua neno la siri lililobandikwa chini yake. Ndani kuna namba ya nguvu ya mwanga unaopokewa, kwa dBm, na huwa ni hasi. Mchana ilisoma hasi 19. Saa moja na nusu jioni, ilisoma hasi 29. Mtu asiyezoea ataona ni tofauti ya kumi tu. Lakini kwa kipimo hicho kila kumi ni mara kumi: kilichokuwa kinanifikia jioni ni sehemu moja ya kumi ya mwanga wa mchana, na vifaa vya aina hii vikipita hasi 27 hivi huanza kusoma vibaya. Taa nyekundu haikuwa imewaka, kwa sababu mwanga haukuwa umekatika. Ulikuwa umebanwa.

Nikaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye kiboksi. Unapita nyuma ya kabati, unapanda, unatoka nje kwenye kona ya dirisha la sebuleni, kwa sababu waliofunga fiba walikatazwa na mwenye nyumba kutoboa ukuta. Dirisha ni la chuma, kama madirisha yote ya ploti hizi. Na dirisha lilikuwa limefungwa.

Nani asiyefunga dirisha Kisumu saa moja? Giza likiingia mbu wanatoka upande wa ziwa kana kwamba wameitwa. Mama hufunga yote, moja baada ya jingine, anabana na komeo, anawasha dawa. Fremu ilikuwa inaukunja ule waya mwembamba kwenye ukingo wa chuma, na fiba ikikunjwa sana mwanga huvujia nje kwenye mkunjo. Nilifungua dirisha, nikaupakia upya ule ukurasa. Hasi 19. Nikafunga. Hasi 29. Nikamwita mama aje aone.

"Kwa hiyo kosa ni langu?" akauliza.

"Hapana mama. Ni la dirisha."

"Dirisha nimelifunga mimi."

Nilikata kipande cha ndala kuukuu, nikakiweka kwenye kona ili fremu isifike mwisho. Namba ikakaa hasi 20, na usiku ule nikacheza mechi hadi mwisho bila kutupwa nje. Tulishindwa, lakini tulishindwa tukiwa watano. Binamu alidai kwamba sasa sina kisingizio, jambo ambalo ni kweli na linaniudhi.

Pale kwenye kona pamebaki nafasi ya upana wa kidole, na mbu wameijua. Mama sasa huwaita wote "mbu wako", nami ndiye nanunua dawa. Nimemweleza mwenye nyumba kwamba tundu linalohitajika halizidi unene wa penseli, na fundi ataliziba vizuri kwa saruji. Amesema atalifikiria baada ya kodi kuingia. Ameuliza pia, kwa uzito kabisa, kama intaneti ikiboreka nyumba itakuwa ya thamani zaidi. Nimemwambia hapana.