Ralph Bunche anatuhusu sana jamani
Hapa Dodoma ukipiga stori za Wamarekani wakubwa watu watakutajia Lincoln, Obama, basi, ila mimi naona Ralph Bunche ndo anatuhusu zaidi. Huyu mwanadiplomasia alishiriki kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa 1945, hasa zile sura za makoloni na udhamini (yaani nchi kutawaliwa na taifa lingine chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa), na Tanganyika ikawa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, ndo maana Nyerere 1955 akaenda mpaka New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kututetea, mlango ambao koloni la kawaida halikuwa nao! Bernadotte, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa kwenye vita vya Israeli na Waarabu, alipouawa Jerusalem 1948, Bunche akashika kazi, 1949 Israeli na majirani wakasaini kusitisha vita, 1950 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Walimu wa historia, mtajeni basi.