Nilivyochagua virutubisho vya mazoezi Dodoma: sahani kwanza, kopo baadaye

Swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu jimu ni natumia kopo gani. Wanauliza akina dada wanaotaka kukaza mwili, wanauliza vijana wa chuo wanaotaka kifua, na hivi karibuni ameniuliza mama mmoja mstaafu aliyeshauriwa na daktari anyanyue vyuma kwa ajili ya mifupa. Nami huwauliza: jana ulikula nini? Wengine huona nawakwepa. Siwakwepi hata kidogo. Mimi mwenyewe nilianzia hapo, na ndipo kila nilichonunua baadaye kilipopata sababu.

Mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba, na nakaa Kisasa. Baadhi ya siku nakimbia alfajiri kabla jua halijachachamaa, na jioni za kazi napiga vyuma kwenye jimu ya mtaani. Nilitaka miguu na mgongo vipate nguvu, na nilitaka siku ya pili baada ya mazoezi mazito niweze kushuka kwenye daladala bila kushika kiti. Mwalimu wetu wa mazoezi ni mtu mzuri na anajua kazi yake, ila pia anauza makopo. Aliponiandikia orodha ya vitu vitano vya kuanzia nilimshukuru, nikaikunja karatasi, nikaenda nayo nyumbani kuipigia hesabu.

Wataalamu wa lishe ya michezo kwa kawaida humshauri mtu anayefanya mazoezi ya nguvu apate protini kati ya gramu 1.4 na 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu mzima asiye na mazoezi hukadiriwa gramu 0.8. Nina kilo 68. Nikachukua 1.6, nikazidisha, nikapata gramu 109. Nikaiandika namba hiyo nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, na chini yake nikaanza kupanga chakula kama ninavyopanga vocha.

Mayai mawili ya asubuhi yana gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva, karibu 15. Nusu lita ya mtindi, 16 hivi. Ugali wa mtama unaotokana na unga gramu 150 unaleta karibu 15, na wengi hawajui kwamba ugali nao una mchango wake. Karanga gramu 30, yaani konzi moja, zinakupa 7 na ushee. Zangu huwa ni za Kongwa, kulekule ambako mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta na mamilioni ya pauni, ukafa baada ya miaka michache; wakulima wa jembe la mkono wanazilima mpaka leo. Halafu dagaa. Dagaa aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Gramu 30 tu, kiasi cha kujaza kiganja, zinanipa karibu 18, pamoja na madini ya chokaa kwa sababu unamla na mifupa yake. Soko la Majengo dagaa yupo mwaka mzima. Nilipogawanya bei yake kwa gramu za protini, hakuna kopo lolote kwenye ile karatasi lililomkaribia.

Jumla ikafika 84 hivi. Pengo likawa gramu 25, sawa na kijiko kimoja cha kupimia cha protini ya unga, au mayai mengine mawili na kiganja kingine cha dagaa. Kwa siku ya kawaida, basi, sikuhitaji kununua chochote. Nilihitaji kula vizuri zaidi mchana na kugawa chakula hicho katika milo mitatu au minne, maana misuli hutumia vizuri zaidi gramu 20 hadi 30 kwa mlo kuliko zote kurundikwa usiku.

Lakini siku za Aprili hadi mwisho wa Juni si za kawaida. Hapo Bunge linakaa kwa ajili ya bajeti, na mtu wa hesabu wizarani hujikuta anatoka ofisini usiku, chakula cha mchana kimekuwa chai na maandazi mawili, na duka la karibu limefungwa. Nilijaribu kuhesabu siku ya aina hiyo, nikapata protini isiyofika nusu ya ile 109. Pengo hilo mtindi hauwezi kulifuata ofisini bila friji. Kwa miezi hiyo nikaamua kununua protini ya unga ya maziwa, ile inayoandikwa whey kwenye kopo.

Hapo ndipo kusoma lebo kulipoanza, na ningependa kila anayeingia dukani asome kwa utaratibu huu. Kwanza, tafuta uzito wa kipimo kimoja na protini iliyomo. Kipimo cha gramu 30 chenye protini 24 maana yake asilimia 80, na hiyo ni protini kweli. Kopo kubwa la kunenepesha, ambalo kwenye rafu linaonekana ndilo lenye nafuu, nililokuwa nalo mkononi sehemu kubwa ya unga wake ilikuwa wanga. Ukilinywa umekunywa uji mtamu kwa bei ya nyama. Pili, soma orodha ya viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwa hiyo protini ya maziwa inatakiwa iwe ya kwanza. Ukikuta glisini au taurini imewekwa peke yake katikati ya orodha, jihadhari: hizo ni malighafi za bei ndogo ambazo baadhi ya watengenezaji huziongeza ili kipimo cha naitrojeni, ambacho maabara hukitumia kukadiria protini, kisome protini nyingi, wakati misuli haifaidiki. Tatu, gawanya bei kwa jumla ya gramu za protini kopo zima. Kwa hesabu hiyo kopo lililoonekana ghali mara nyingi hushuka, na lile la ofa hupanda.

Kuna pia suala la tumbo. Maziwa mabichi yaliyochemshwa hunijaza gesi, mtindi haunisumbui, kwa sababu bakteria wa kugandisha huwa wameshaila sehemu ya sukari ya maziwa. Protini ya aina ya concentrate bado ina sukari hiyo kiasi. Ya isolate imechujwa zaidi na ina kidogo sana. Nikachukua ya pili ingawa bei yake iko juu. Kwa mtu anayekunywa maziwa bila shida sioni sababu ya kuongeza hela hiyo.

Dada mmoja mfamasia ndiye aliyenifundisha kukagua kopo lenyewe. Aliniambia, "Dada yangu, kabla hujaangalia picha ya misuli, geuza chini." Chini kuna namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na ukikuta zimefutika au zimebandikwa karatasi juu yake, rudisha kopo. Tangu 2019 usimamizi wa ubora wa vyakula uko Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji anayejua anachouza hakasiriki ukimuuliza bidhaa yake imepitia wapi. Wanaoshiriki mashindano wana jambo la ziada la kutafuta, alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, inayoonyesha kuwa bidhaa imepimwa kama ina vitu vilivyokatazwa michezoni. Mwanariadha akikutwa na kitu hicho mwilini anawajibika yeye, hata kama kilijificha ndani ya kopo. Tangu Alphonce Simbu wa Singida achukue dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, vijana wengi wa kanda hii ya kati wamepata moyo wa kukimbia, na nisingependa kuona hata mmoja akifungiwa kwa sababu ya unga wa kuongeza pumzi alioununua mtandaoni.

Kitu cha pili nilichonunua ni kreatini, na hiki nakitetea popote. Mwili wenyewe huitengeneza, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Kazi yake ni kusaidia misuli kurudisha haraka nishati ya juhudi fupi na kali, mfano ile nyanyuo ya mwisho ambayo bila msukumo kidogo haipandi. Ni miongoni mwa virutubisho vya mazoezi vilivyofanyiwa utafiti mwingi zaidi, na aina iliyochunguzwa kuliko zote ni kreatini monohidrati, ambayo pia ndiyo ya bei ndogo. Aina nyingine zenye majina marefu huuzwa kwa bei kubwa bila kuonyesha kwamba zinaishinda. Kipimo ni gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku ya kupumzika. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku kwa muda wa wiki moja ili misuli ijae haraka. Mimi nilikwenda na kipimo kidogo, kinachofika palepale baada ya wiki nne hivi, na tumbo likabaki salama.

Mizani ilipanda kama kilo moja mwanzoni. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kreatini huvuta maji ndani ya misuli, kwa hiyo sikutishika, na nguo zangu hazikubana. Jingine la kujua ni hili: ukienda kupima figo, mwambie daktari kwamba unatumia kreatini. Ikivunjika hugeuka kreatinini, na kreatinini ndiyo inayopimwa kwenye damu kukadiria kazi ya figo, kwa hiyo namba inaweza kupanda kidogo bila figo kuumwa. Mwenye ugonjwa wa figo, au mjamzito, aanze na daktari kabla ya duka.

Vitatu vilivyobaki kwenye karatasi ya mwalimu niliviacha. Vidonge vya amino asidi tatu (amino asidi ndizo tofali zinazojenga protini) vina leusini, isoleusini na valini, ilhali mwili unahitaji zote tisa za lazima ili ujenge misuli, na zote tisa ninazo tayari kwenye yai. Unga wa kuchangamsha kabla ya mazoezi una kafeini. Kafeini inasaidia kweli, ila mimi naingia jimu saa kumi na mbili jioni, na nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya muda wa saa tano hivi. Kipimo cha miligramu 200 kingeniacha saa tano usiku na miligramu 100, sawa na mtu aliyekunywa kikombe cha kahawa akiwa kitandani. Usingizi ndio unaonirudisha, siwezi kuuuza. Na vidonge vya kuyeyusha mafuta nawaomba wanawake wenzangu waviogope. Sibutramini ni dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo, lakini baada ya hapo imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazojiita za asili.

Madini ya chuma nayo nilishawishiwa niyanunue nilipokuwa nachoka. Nikapima damu kwanza. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ndiyo huitwa upungufu wa damu; yangu ilikuwa juu ya hapo, kwa hiyo nikaacha vidonge. Nilichobadilisha ni chai: sasa nainywa saa moja au zaidi baada ya kula, kwa kuwa huzuia chuma cha maharage na mboga kuingia mwilini, na kwenye mlo naweka juisi ya ubuyu, ambao kwetu Dodoma haununuliwi kwa shida na una vitamini C nyingi inayosaidia chuma hicho kufyonzwa.

Uchovu wangu mwingi ulikuwa wa maji. Hewa yetu ni kavu na ina upepo, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hukutoka jasho. Jipime kabla na baada ya kukimbia: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Nikirudi kutoka mbio ndefu mwezi wa Oktoba nachanganya lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, nakunywa taratibu. Vinywaji vya rangi vya wanamichezo vina chumvi na sukari hizohizo.

Mwalimu wetu nilimrudishia karatasi yake nikiwa nimeandika hesabu pembeni. Aliisoma yote, akaniomba apige picha, na sasa mwanafunzi mpya akija humuuliza kwanza anakula nini. Anaendelea kuuza makopo, na kreatini yangu naichukua kwake. Protini ya unga ninayo ya kutosha mpaka bajeti ipite. Julai narudi kwa dagaa, na kopo jingine nitalifikiria Aprili.