Kifua cha mama

Mama hajavuta sigara maisha yake yote. Ila kwa zaidi ya miaka 40 amepikia kuni na makumbi ya nazi kwenye banda letu la makuti hapa Wete, Pemba, na sasa daktari anasema mapafu yake yana ugonjwa sugu. Akipanda ngazi 3 za barazani hukaa kwanza, mkono kifuani.

Chembe za moshi zilizo ndogo kuliko mikroni 2.5 (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Nyingine hunaswa kwenye makohozi, tukayameza, zikashuka matumboni. Huko wanaishi bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi zinazosaidia kutuliza uvimbe, hata wa mapafu. Moshi unaweza kuwavuruga. Sikuwahi kufikiri kifua na tumbo vina mazungumzo.

Basi mbaazi na kunde, zenye nyuzinyuzi nyingi, hazikosekani kwetu, japo dawa yake ya kuvuta haachi. Mtungi wa gesi nimemnunulia, anachemshia chai tu.

“Muhogo wa nazi unataka kuni, mwanangu.”

Jumamosi nabomoa ukuta mmoja wa banda, moshi upate pa kutokea.